Dawa ambayo hata muuguzi haijui

NYAMITABA, Masisi – Munyakazi ndiye anayetangulia kucheka. "Ile siku mujinga alikuwa miye," anasema, mikono imezama kwenye pipa la maziwa hadi viwiko. "Andika vile, usiogope."

Ni asubuhi, ukungu bado umelalia malisho. Munyakazi anayakata maziwa yaliyoganda kwa kisu kirefu cha mbao, kisha anasimama kuvuta pumzi. Anakata tena, anasimama tena, kama mtu aliyepanda mlima mzima, ilhali hajasogea hata hatua moja.

Ametengeneza jibini, au fromaji kama wanavyoiita hapa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Lita kumi za maziwa humpa jibini ya kilo moja, na zamani alipanda kilimani kuwakamua ng'ombe mwenyewe. Sasa maziwa yanamfuata alipo. Mapafu yake yanaota makovu kwa ndani, na chanzo chake madaktari hawakukipata.

"Dokta aliniambia mapafu iko nakakamaa pole pole," anasimulia. "Nikamuuliza, kumbe miye pia niko nageuka fromaji? Akacheka mupaka akaweka kalamu chini."

Daktari huyo wa hospitali moja ya mjini ndiye aliyemwingiza kwenye utafiti. Kuna dawa mpya ya kuzuia makovu kama hayo yasienee. Imeshavuka majaribio ya mwanzo. Sasa iko kwenye yale makubwa, ya mwisho kabla ya kuamuliwa kama itaruhusiwa kuuzwa. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa yenyewe. Nusu wanapewa kidonge cha sura ileile, ndani hakuna dawa. Nani kapata kipi, haambiwi mtu. Wote wanapuliza kwenye mashine kila baada ya miezi mitatu, ionekane pumzi imepungua kiasi gani.

Hapo ndipo ujinga ulipopata mlango. Munyakazi aliposikia neno "nusu", alifikiri kama mtu wa Masisi anavyofikiri. Safari iliyofuata alibeba jibini nzima ya mviringo, ile aliyoiacha ikakomaa vizuri, akaisukuma chini ya meza ya muuguzi, Adelaïde.

"Dada, unifanyie ile ya kweli," alinong'ona.

Adelaïde alitazama chini ya meza, kisha akamtazama yeye. "Papa, hata nikikula hii fromaji yote, sitajua. Miye naona numero kwa chupa, basi. Dokta naye vile vile."

"Muntu anatoa dawa na hajue iko nini?"

"Njo kazi yangu. Ningejua unakunywa ya kweli, ningekuona umepona hata kama haujapona."

Jibini ikakatwa vipande, wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakagawana. Munyakazi alitafuna cha kwake huku akiwapima wenzake kwa macho, nani anapumua vizuri kumshinda nani.

Maneno ya Adelaïde yalimwingia akiwa njiani kurudi. "Miye mwenyewe nafanyaka vile," anasema, na sauti inashuka kana kwamba mteja yuko nyuma ya mlango. "Namuambia muntu, hii fromaji iko ya miezi tatu. Anafunga macho: ee, inasikilika. Na iko ya wiki tatu."

Kuelewa hakukumwondolea hamu ya kujua. Tumbo likimsumbua anafurahi, kwa sababu alisikia dawa ya kweli husumbua tumbo. Likitulia, ananyong'onyea. Mkewe, Uwamariya, amempiga marufuku kuzungumzia tumbo wakati wa kula.

Jumatatu anatakiwa mjini tena. Asipofika, anatolewa kwenye utafiti. Kuifikia pikipiki barabarani ni mteremko mrefu, na kurudi ni kupanda. Mara ya mwisho alikaa chini katikati ya njia hadi mvua ikamkuta. Wiki hii amesema mara mbili kwamba ataacha, na mara mbili amejirudi. Anachotaka kinasemeka kwa maneno machache: kiangazi kikifika, apande hadi malishoni kwa miguu yake, akawaone ng'ombe.

Tukiwa bado tunaongea, anapita jirani yake, Straton, jembe begani, matope hadi magotini. Anatoka kuchimba mitaro ya kuzuia maji kwenye shamba lake la maharage; mvua za mwaka jana zilibeba udongo wa kona yote ya chini.

"Papa Munyakazi, Jumatatu unaenda tena kumeza unga?"

"Ao dawa," Munyakazi anamjibu.

"Ao unga."

"Ao dawa, nimesema."

Straton anatua jembe. "Haya, tuseme iko dawa. Itaondoa ile kovu ya ndani?"

"Hapana. Yenye ilishakuwa inabakia. Inazuia tu isiongezeke."

"Sasa utajichosha na ile mulima juu ya dawa yenye hairudishe kitu? Bakia kwako, upumuzike."

Munyakazi anaweka kisu kando. Kwa muda inaonekana kama Jumatatu imeshafutwa.

Pembeni yao, Uwamariya anakamua kitambaa cha jibini, wala hainui macho.

"Papa Straton, na ile mitaro, uko nachimba ili udongo urudi?"