Mume wangu alinitazama kwa darubini ya bunduki, mtoto nikiwa naye mgongoni

Wakuu, kwema humu?

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu poleni na majukumu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si shoga yangu wala jirani. Sijaongeza neno. Kama kuna nilichopunguza, ni matusi.

Nimesoma nyuzi nyingi humu, wanaume mnaulizana darubini gani ya bunduki inafaa kwa kuwinda, ile mnayoiita skopu. Kila mtu anauliza inavuta mbali kiasi gani. Sijaona hata mmoja anayeuliza upande wa pili kuna nani.

Mimi nilikuwa upande wa pili.

Tunaishi maeneo ya Kabuku, Handeni. Mume wangu, nimwite Baba Zuhura, ni mkulima. Ana rifle aliyoachiwa na marehemu baba yake, leseni ipo kwa jina lake. Msimu ukifunguliwa anachukua kibali, anatafuta swala wa kitoweo. Miezi mingine anapewa ruhusa kwa ajili ya nguruwe pori.

Sisi nguruwe hatuli, ila wao wanatula. Wanakula mihogo, wanakula mahindi, wakiingia shambani asubuhi unakuta kama trekta limepita. Akiua, wanaokula wanakuja kuchukua wenyewe.

Miaka yote alikuwa analenga kwa macho, kwa zile alama za kwenye mtutu, na alikuwa anapata. Msimu uliopita akaja na darubini aliyonunua kwa jamaa wa mjini. Ndefu kama chupa ya chai. Inavuta mara sita mpaka mara ishirini na nne.

Nikamwambia, "Baba Zuhura, huko mbali unakotaka kuona ni wapi? Shamba letu ukitembea hatua sitini unagonga kichaka."

"Mambo ya bunduki wewe umeyajulia wapi?"

Nayajua. Mimi kwetu Mashewa, Korogwe, nimelelewa na mjomba wangu aliyekuwa askari wa wanyamapori mpaka akastaafu. Nilisoma kwake hadi kidato cha nne. Nyumba nyingine watoto walikuwa wanasimuliwa hadithi, sisi tulikuwa tunaelezwa risasi inavyokwenda.

Basi, akaifunga mwenyewe. Akaiweka nyuma mno, karibu na uso. Risasi ya kwanza ya majaribio bunduki ikasukuma, darubini ikamchana juu ya nyusi, alama ya nusu duara safi kabisa.

Watu wakauliza. Akasema amegonga mlango.

Jirani yetu mfugaji, Lemayani, akamkagua halafu akasema, "Mlango wako una mdomo wa mviringo, rafiki."

Kwa mnaonunua: jicho likae mbali na kioo kama upana wa kiganja, na hapo uwe unaona duara lote limejaa. Ukilazimika kusogeza shingo mbele ndipo uone, imefungwa vibaya. Usisubiri damu.

Lakini kidonda si kilichonifanya niandike. Kilichonifanya niandike ni tabia iliyokuja na hiyo darubini.

Darubini ya kawaida ya kushika mkononi hakuwa nayo. Kwa hiyo kila kikitikisika kitu, anainua bunduki ili aone. Ng'ombe wa nani wale? Anainua bunduki. Nani yule anakuja na baiskeli? Bunduki.

Marafiki zake nao wakawa wanakuja kwangu jioni, "Lete na mimi nione." Bunduki inapita mkono kwa mkono uani kwangu, wanasoma majina ya mabasi kule barabarani. Nikisema kitu, naambiwa risasi hazimo.

Lemayani akahamisha njia ya kupitishia mifugo yake. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama Zuhura, huyu mume wako akitaka kumjua mtu anamwelekezea mtutu kwanza. Acha mimi nizunguke. Ng'ombe hawana haraka."

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Yeye alitangulia shambani akakaa upande wa chini. Mimi kawaida naenda baada ya chai, siku hiyo nikawahi kung'oa mihogo kabla jua halijawa kali. Zuhura, miezi tisa, nimembeba mgongoni kwa kanga ya kahawia.

Nimeinama kwenye mihogo, nikainua kichwa. Nikaona kioo kinameta.

Hatua kama arobaini. Mimi nilimwona kwa macho haya haya ya bure. Nilimwona amepiga goti, shavu limelala kwenye kitako cha bunduki, na tundu la mtutu linanitazama.

Nilijikuta nimekaa chini kwenye udongo, mtoto nimemvuta mbele nimemkumbatia.

Yeye akashusha bunduki, akaita, "Ni mimi!"

Kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui yeye ni nani.

Alipofika nikamuuliza alikuwa analenga nini. Akasema, "Nilikuwa naangalia tu. Nilikuona vizuri, nilijua ni wewe."

Wakuu, hilo jibu ndilo lililonichoma kuliko mtutu wenyewe. Kama ulijua ni mimi, ulininyooshea bunduki ya nini? Na kama hukujua, mbona unasema ulijua? Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu, "Nilijua ni wewe."

Mchana wa siku ile ile nilichukua nguo za mtoto na kadi ya kliniki, nikapanda gari la Korogwe, jioni niko Mashewa.

Kwetu, mke akirudi kwao, mume humfuata. Anakaa mbele ya wakubwa, anataja kosa kwa kinywa chake, halafu anatozwa. Baba Zuhura alipopiga simu kusema anakuja, mjomba alimjibu maneno machache. "Njoo na hiyo darubini. Bunduki iache ulipoifungia."

Akaja siku ya tatu. Mimi nilitegemea atatozwa mbuzi. Mjomba akampa chai, akamwacha anywe mpaka akamaliza, kisha akampeleka nyuma ya nyumba kwenye ukingo wa shamba la mihogo. Mimi nikasimama nyuma yao na mtoto.

"Mule kuna kitu kinatikisika. Usitazame kwa macho, weka darubini yako uniambie ni nini."

Akaiweka jichoni. Akahangaika. Anazungusha huku, anazungusha kule.

"Sijakipata, mjomba."

"Tafuta."

"Nimepata. Kuna... kahawia. Kinatikisika."

"Nini hicho?"

Ukiivuta darubini kama ile mpaka mwisho kwa umbali mfupi hivyo, unachoona hakifiki upana wa hatua moja, na ukungu juu. Unaona rangi. Huoni kitu.

"Sijui," akasema.

"Haya, toa jichoni."

Akatoa. Hatua arobaini mbele yetu alikuwa mke wa mjomba, kajitanda kanga ya kahawia, kainama anachimba mihogo yake.

Baba Zuhura akajikuta anasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu, hata kichwa hakuinua.

Mjomba hakucheka. Akamuuliza, "Na siku ile uliona nini?"

Akaitazama ile darubini mkononi mwake. Ndipo akasema, "Niliona mgongo wa kahawia unatikisika. Nikajua nguruwe."

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Kwenye kifyatulio."

"Nini kilikuzuia?"

"Nilikuwa nazungusha ili picha iwe safi."

Mgongo wa kahawia aliouona ni Zuhura. Ndiye aliyekuwa anatikisika mgongoni kwangu, anacheza.

Niliingia ndani nikafunga mlango.

Nilikaa Mashewa wiki mbili zaidi. Alirudi mara mbili na zawadi mkononi, na hakusema tena kwamba alijua ni mimi. Hilo ndilo lililonirudisha, si zawadi.

Sasa bunduki ina darubini fupi inayovuta mara moja mpaka nne, iliyofungwa na mjomba. Inakaa kwenye moja muda wote, unaona mnyama mzima na kilichopo nyuma yake. Kwa vichaka vyetu vya Handeni na Korogwe hiyo inatosha kabisa. Mavuto makubwa waachieni wanaopiga kwenye uwanda ulio wazi.

Baada ya kuifunga waliweka boksi hatua hamsini, wakapiga risasi tatu, wakarekebisha, wakapiga tena mpaka zikakaa pamoja pale wanapolenga. Ukiisafirisha kwa bodaboda kwenye vumbi letu, kagua skrubu na ujaribu upya, maana zinalegea.

Na shingoni ana darubini ya kawaida. Hiyo ndiyo ya kutazamia. Bunduki haiinuki mpaka ameshajua ni mnyama gani, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka ameamua kuua. Uani kwangu hakuna tena "lete na mimi nione". Wa kwanza aliyejaribu nilimfukuza na chai yake mkononi.

Hasira haijaisha. Nampikia, tunaongea, tunalima, lakini kuna asubuhi naamka namtazama kalala nasikia ile "nilijua ni wewe" upya. Nikienda shambani sasa naimba njia nzima kama kichaa, na kinachoniudhi ni kwamba mimi niliyekosewa ndiye ninayeimba.

Nilichojifunza ni kifupi. Darubini ya bunduki ni ya kupigia, si ya kujulia. Ukiitumia kujua ni nani, umeshamlenga kabla hujamjua.

Wazoefu, kama kuna nilipokosea kwenye vipimo nirekebisheni, sitanuna. Anayetaka kuniambia mwanamke hahusiki na bunduki naye aje, nina nafasi leo.

Na wanawake wenzangu mlioolewa na wenye bunduki, muulizeni usiku huu huu, kwa upole tu: kichakani kikitikisika kitu, unaangalia kwa kutumia nini kwanza? Atakachojibu, kileteni hapa.