Baba Mkwe Alipopinga Fidia Asiyoidai

Jaji aliuliza kama kuna anayepinga.

Lilikuwa swali la utaratibu tu. Wakili wa kampuni alikuwa ameshafunga mkoba wake. Kabla hatujaingia aliniambia, "Siku kama hizi haji mtu, Thea. Dakika chache tu, tunakwenda kula."

Ndipo benchi la nyuma yangu likalia, na sauti ninayoijua vizuri sana ikasema:

"Mimi napinga, Mheshimiwa."

Nikageuka.

Alikuwa baba mkwe wangu, Casimir Nowicki, ndani ya suti yake ya mazishi. Anayo moja tu. Pembeni yake alikaa rafiki yake Bernie, kofia mapajani, akimkodolea macho kama mtu aliyemsikia mbwa wake akiongea.

Nilijua anachoweza kusema. Angesema jina langu, na hapo kazi yangu ingekwisha, na pengine si kazi peke yake.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo.

Naishi Dundalk, kando ya jiji la Baltimore, Marekani. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika kampuni ya chanjo nitakayoiita Severnvale. Jina hilo nimelibuni, na nina sababu.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila fungu la chanjo lilipita maabara yetu kabla halijatoka kiwandani. Likiwa safi, tunaliruhusu. Likiwa na uchafu, linamwagwa.

Ulipoingia ule ugonjwa uliofunga dunia, kila mtu alitaka hisa za kampuni za chanjo. Baba mkwe naye akazitaka. Ni mstaafu wa kiwanda cha chuma, na maishani mwake hakuwahi kununua hisa hata moja.

Alinunua kwa sababu yangu.

"Mke wa mwanangu yuko mle ndani," alimwambia kinyozi, kasisi, na kila aliyekaa karibu naye baa. "Damu yangu ile. Mnangoja nini?"

Wengi walicheka. Bernie hakucheka. Bernie alinunua, kwa pesa za bima ya maisha ya marehemu mkewe, Loretta.

Mwezi wa saba tukakusanyika kwa baba mkwe kula kaa wa baharini. Kwetu hiyo si karamu, ni ibada. Meza ndefu uani, magazeti juu yake, kaa wa mvuke wamerundikwa wakiwa wekundu kwa viungo, na kila mtu na nyundo yake ya mbao ya kupasulia magamba.

Wiki hiyo maabara yetu ilikuwa imemwaga fungu baada ya fungu.

Wiki hiyohiyo mkurugenzi mkuu aliwaambia wanahisa kwamba uzalishaji unakwenda kama ulivyopangwa. Nilimsikia kwenye redio nikiwa barabarani. Ilibidi niegeshe gari pembeni.

Sasa nimekaa mezani, na Bernie ananielekezea nyundo.

"Thea, binti yangu, tupe habari. Tushikilie hisa zetu au tuuze?"

"Bernie, siruhusiwi kuzungumzia kazi."

"Umesikia, Caz? Haruhusiwi!" Akapiga meza, maganda yakaruka. "Hiyo ni siri nene. Mambo yakiwa mabovu watu hawafungwi midomo hivi. Kesho naongeza."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nikatabasamu. Naikumbuka misuli ya shavu ilivyouma.

Baba mkwe alisogeza kaa mnene mbele yangu. "Mbona huli, mwanangu?"

"Tumbo, baba."

"Tumbo," akarudia. Kisha akaomba apitishiwe siagi.

Nataka mnielewe. Sheria ilikuwa upande wangu. Mfanyakazi akimwambia ndugu yake siri ya kampuni kabla ya umma, na ndugu huyo akauza hisa, wote wawili wana kosa. Tulifundishwa hivyo kila mwaka. Nilinyamaza kwa sababu ilinipasa kunyamaza.

Mvua za vuli zilipoanza, ukweli ukatoka. Hisa zikaanguka kama lifti iliyokatika kamba.

Bernie akarudi kazini uzeeni. Akawa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anasimama kutwa nzima na goti lake bovu.

Na baba mkwe akabadilika. Alizima kipasha joto, akawa anavaa koti ndani ya nyumba yake. Chakula chake cha jioni kikawa supu ya kopo. Akaacha kwenda baa.

"Muulize," mume wangu Greg aliniambia. "Wewe na yeye mnaelewana."

"Nimuulize nini?"

"Kama amepoteza zote."

Sikumuuliza. Kila Jumapili nilimpelekea sufuria ya chakula, naye kila Jumapili alisema nisijisumbue. Nilipomwona amejikunyata ndani ya lile koti, nilijiambia: baridi hii nimempa mimi.

Kesi zikafunguliwa. Wanahisa waliwashtaki wakubwa wetu kwamba walisema mambo ni shwari huku wakijua si shwari. Mawakili walinihoji siku nzima. Nilijibu yote niliyoulizwa. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mezani siku ya kaa.

Kesi ilipofika mwaka wa tatu, pande zote zikapatana. Bima ya kampuni ingelipa. Wanahisa wangegawiwa fidia. Na katikati ya mapatano hayo kulikuwa na maneno haya: kampuni haikiri kosa lolote.

Niliposoma hayo nilishusha pumzi. Kisha nikaona aibu kwa kushusha pumzi.

Jaji alitakiwa kuidhinisha tu. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kuona mwisho wake kwa macho yangu.

Na hapo ndipo baba mkwe alipokuwa amesimama.

"Jina lako, mzee?" jaji akauliza. Alikuwa mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole.

"Casimir Nowicki, Mheshimiwa. Mstaafu."

"Ulikuwa na hisa za kampuni hii katika kipindi cha madai?"

"Nilikuwa nazo."

"Na ulipata hasara?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ndiyo sababu nimekuja."

Chumba kizima kikageuka.

"Niliuza zote," akasema. "Mwezi wa saba, zikiwa juu kabisa."

Nilishika benchi la mbele yangu. Hakupoteza hata senti. Na lile koti? Na ile supu?

"Sasa unapinga nini?" jaji akauliza.

"Yale maneno, Mheshimiwa. Kwamba hakuna anayekiri kosa. Watu wote hawa, suti zote hizi nzuri, na hakuna aliyekosea? Mimi nimeona nianze." Akaweka mkono juu ya bega la Bernie. "Huyu ni rafiki yangu. Mimi ndiye niliyemshawishi anunue. Siku niliyouza za kwangu, sikumwambia. Amenileta hapa kwa gari lake, na mpaka dakika hii alikuwa hajui."

Bernie hakusogea.

"Nini kilikufanya uuze?" jaji akauliza.

Baba mkwe hakunitazama. Hata jicho halikugeuka upande wangu.

"Nilimwona mtu amewekewa kaa wa moto mbele yake, asile."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka.

"Mzee Nowicki, mtu ambaye hakupata hasara hana nafasi ya kupinga mapatano haya. Na nakushauri usiongeze neno kabla hujapata wakili."

"Mawakili wamejaa humu, Mheshimiwa. Ndio walionyamaza."

Akaketi.

Bernie naye hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama mimi. Naye alikuwepo mezani siku ile. Nilimwona akikumbuka: kaa, sahani, tabasamu langu. Akavaa kofia yake, akatoka.

Mapatano yakaidhinishwa.

Tuliposhuka kwenye maegesho, gari la Bernie halikuwepo.

"Ameniacha," baba mkwe akasema, karibu kwa kuridhika. "Vizuri. Nami ningekuwa yeye, ningeniacha."

Nikampakia kwenye gari langu. Tulipotoka katikati ya jiji nikamgeukia.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba uso wako ndio ulioniokoa? Ungelala usingizi?"

"Sikulala vilevile! Nilidhani umefilisika. Koti ndani ya nyumba! Supu ya kopo!"

"Zile pesa ziko benki. Sikuweza kuzila, mwanangu. Kila nikitaka kuwasha kipasha joto, namwona Bernie amesimama dukani na goti lake. Ilipovuja nyumba yake nikamlipia paa kwa pensheni yangu. Nikamwambia ni msaada wa chama cha wafanyakazi." Akakohoa. "Kijana wa benki ananipigia simu niziwekeze. Nikamwambia, kijana, kuwekeza ndiko kulikonifikisha hapa."

Nilicheka, na machozi yakatoka papo hapo.

"Kwa nini hukumwambia Bernie siku ileile?"

Alitazama nje. "Nilijidai nakulinda wewe. Nikimwambia, atauliza nimejuaje. Nikajiona shujaa." Akatikisa kichwa. "Ukweli ni mdogo zaidi. Nilikuwa nimeutangazia mji mzima kwamba mkwe wangu yuko mle ndani. Niliona haya kusema nimekosea."

Hapo ndipo kitu kiliponigonga.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemlilia mtu asiye na msiba. Jumapili baada ya Jumapili nilibeba sufuria kumpelekea aliyeokoka, na njia yangu ilipita mbele ya nyumba ya Bernie. Sikuwahi kusimama.

Aliyeniuliza mezani hakuwa baba mkwe. Alikuwa Bernie. Aliniuliza kwa jina langu, mbele ya watu.

Na lipo jingine ambalo sijawahi kulisema. Sheria hiyohiyo iliyonikataza kumwambia Bernie iliniruhusu kuwaambia wakaguzi wa serikali. Tena ingenilinda. Nililijua hilo. Lakini katika sheria yote nilikumbuka kifungu kimoja tu, kile kilichoniruhusu kunyamaza.

Nikakata kona.

"Unakwenda wapi?" baba mkwe akauliza.

"Unajua ninakokwenda."

Bernie alikuwa barazani kwake, bado na kofia kichwani.

"Nyie wawili," akasema. "Shukeni kwenye ngazi zangu."

"Bernie, pesa zipo, zote, sijagusa—"

"Funga bakuli lako, Caz. Wewe umeshasema mbele ya jaji. Huyu ndiye sijamsikia." Akanitazama. "Ulijua?"

Kichwani mwangu zilijipanga sentensi zote nilizofundishwa. Zilikuwa sentensi nzuri, hazina hata tundu moja.

"Nilijua," nikasema. "Uliponiuliza, nilijua. Uliposema unaongeza, nilikusikia, nikatabasamu. Walikuwepo watu wa serikali ambao ningeweza kuwaambia, sikuwaambia. Nisamehe, Bernie."

Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa.

"Miaka yote hii najiita mjinga," akasema. "Kila asubuhi nikifungua duka la mtu mwingine, najiita mjinga. Loretta angekuwa hai angeniita mjinga. Kumbe nilimuuliza mtu sahihi."

 

Kisha akamgeukia baba mkwe. "Na wewe, mwezi mzima usinisalimie."

"Mwezi?"

"Mwezi! Na lile paa! Ati chama cha wafanyakazi! Chama kile hakijawahi kutoa hata kalenda. Ulidhani mimi mtoto?"

"Sasa kama ulijua—"

"Nilidhani umeuza kitu chako kwa ajili yangu, mshenzi wee. Nilikuwa nakuombea!"

Akaingia ndani, akabamiza mlango.

Niliwaandikia wakaguzi yote niliyoyajua, kwa kuchelewa, kisha nikaacha kazi. Hakuna aliyenifukuza. Baba mkwe alitafuta wakili, na shauri la mauzo yake bado halijaisha. Kuhusu zile pesa za benki, waliyamaliza wenyewe wawili, sikuulizwa. Ninachojua ni kwamba Bernie aliacha kazi ya duka, na nyumba ya baba mkwe sasa ina joto.

Fidia ilimfikia Bernie majira ya kaa yaliyofuata. Baada ya mawakili kuchukua chao na wanahisa wengine kugawana, cheki yake ilitosha trei moja ya kaa na bia za kuwashushia.

Akanunua trei moja ya kaa na bia za kuwashushia.

Tulikaa uani kwake, magazeti mezani. Alichagua kaa mkubwa kuliko wote, akamweka mbele yangu, akanikabidhi nyundo.

"Kula," akasema. "Nikuone."

Hakuna aliyegusa sahani yake. Nikapasua gamba, nikatoa nyama, nikaila mpaka kwenye makucha.

"Haya, tuleni," Bernie akawaambia wengine. "Leo hali ni shwari."

Ndugu zangu, kama kazi yako ina siri, itunze. Lakini usijidanganye kwamba ukinyamaza hujasema kitu. Mezani palikuwa na watu wawili. Mmoja aliusoma ukimya wangu, akaokoka. Mwingine aliniamini, akaumia. Ukitaka kujua deni lako liko wapi, usimtafute anayekusoma. Mtafute anayekuamini.

Kila mwaka tunakula kaa kwa Bernie. Kila mwaka huningoja mimi nianze.

Nami naanza.