Hanifa wa Bongwe na Mashine Iliyonyamaza

Hanifa Mwero aliajiriwa kupokea wageni katika hoteli moja ya Galu, na huko ndiko alikojifunzia kompyuta. Ile ya mapokezi ilipokwama, yeye ndiye aliyepiga magoti chini ya meza huku wenzake wakiwaomba wageni radhi. Hoteli ilipofungwa alirudi kwao Bongwe, akaendelea kujisomea mtandaoni, hata akawa anaandika programu kwa watu ambao hajapata kuwaona kwa macho. Majirani walijua tu kwamba binti Mwero anafanya kazi ya laptopu.

Siku moja alipigiwa simu na Fauzia, aliyesoma naye madrasa, ambaye sasa ni muuguzi katika zahanati ya watu binafsi upande wa Msambweni.

"Hanifa, njoo uitazame mashine yetu ya watoto. Inaniongopea."

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ndogo ya kufuatilia pumzi na mapigo ya moyo ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kila mtoto hufungwa kipimo mguuni, na waya wa kipimo huchomekwa kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo kiwambo kilionyesha kwamba kitoto kimoja cha kike ki salama kabisa, lakini Fauzia alipokitazama aliona midomo inageuka rangi. Akakisugua mgongo, akakipa oksijeni mpaka kikalia. Muda wote huo namba za kwenye kiwambo hazikutikisika. Zilikuwa za zamani.

"Fundi alisema kipimo kimekufa," Fauzia alimweleza Hanifa alipofika. "Lakini nikiizima mashine nikaiwasha tena, kipimo hichohicho kinafanya kazi. Na hutokea tukishawahamisha watoto sana, tukichomoa na kuchomeka."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwonyesha Hanifa pa kuanzia. Aliacha kuvikagua vipimo, akaanza kusoma kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayosimamia kila kifaa cha kompyuta. Kosa alilikuta humo, akaenda kumweleza mwenye zahanati, Daktari Mramba.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Kipimo kikiwa na habari, hubisha hodi ili kompyuta iache kazi nyingine na kukisikiliza. Kila kifaa hupewa namba yake ya kubishia hodi. Kikichomolewa, namba yake ingepaswa kurudishwa ili ipewe kingine, lakini huku hairudishwi. Namba zikishakwisha, kipimo kipya hubisha kisisikike, na kiwambo hubaki na habari ya mwisho kiliyoipata."

"Basi tutakuwa tukiizima na kuiwasha kila asubuhi."

"Na siku mtakayosahau?"

Daktari alikuwa amehangaika muda mrefu kuipata mashine hiyo, na Hanifa alilijua hilo. Hata hivyo alisema, kwa upole lakini bila kutafuna maneno, "Niwie radhi, daktari. Naomba izimwe kabisa mpaka niitengeneze."

Ikazimwa. Wauguzi wakarudia kusikiliza vifua vya watoto kwa zamu, saa mkononi. Walichoka, na wengine walimnung'unikia Hanifa waziwazi. Alivumilia.

Angeweza kuirekebisha mashine ya zahanati peke yake, mambo yakaisha. Lakini mfumo ule ni huria: yeyote aweza kuusoma, na rekebisho likikubaliwa na wasimamizi wake huwafikia wote wanaoutumia duniani. Hanifa alijiambia kwamba huenda yuko muuguzi mwingine mahali fulani anayeongopewa na wala hajui. Akaandika mistari michache ya kurudisha namba kifaa kinapochomolewa, akaituma.

Jibu lilikuwa fupi. Msimamizi, mtu wa ughaibuni asiyemfahamu, alikataa. Alisema namba inarudishwa mapema mno: huenda hodi ya mwisho ya kifaa cha kwanza bado inashughulikiwa wakati kifaa cha pili kinapewa namba ileile.

Hanifa aliumia. Alifunga laptopu, akaenda shambani kumsaidia mamake kung'oa mihogo. Huko shambani ndiko maneno yale yalikomwingia. Mapigo ya mtoto mmoja yangeweza kusomwa kama ya mwenzake! Jembe likamponyoka.

"Una nini?" mamake aliuliza.

"Yule bwana amesema kweli, mama. Nilikuwa nataka kuondoa kosa moja nilete kubwa zaidi."

Akaanza upya. Safari hii kiini kiliufunga kwanza mlango wa kifaa kinachoondoka, kikangoja hodi iliyo mkononi imalizike, kisha ndipo namba ikarudishwa. Aliomba kipimo cha akiba kutoka zahanati, akakaa sebuleni akichomeka na kuchomoa, akichomeka na kuchomoa.

"Utakivunja hicho kidude," mamake alisema.

"Nataka kivunjike hapa, mama, kisije kikavunjika huko."

Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, mamake alimpokonya waya. "Nenda ukasali, nami nitasali ukirudi. Nitakuchomekea mimi." Aliporudi alimkuta bado anachomeka kwa bidii, macho kwenye kiwambo. Kipimo hakikunyamaza hata mara moja.

Rekebisho la pili lilipokewa. Msimamizi alimshukuru, na jina la Hanifa Mwero likaandikwa kando ya mistari yake, kama ilivyo desturi yao. Mashine ya zahanati ikawashwa tena, na Daktari Mramba mwenyewe alizunguka na Fauzia kitanda hadi kitanda, wakilinganisha namba na mapigo waliyoyasikia kwa masikio yao. Zililingana. Wauguzi walionung'unika walimpikia Hanifa pilau, wakamkalisha mkekani kama bibi harusi.

Baadaye wale wasimamizi walimwomba aiangalie sehemu hiyo ya mfumo pamoja nao. Siku hizi hupokea marekebisho ya watu kutoka nchi za mbali. Huyasoma polepole, na anapolazimika kukataa huandika sababu kwa urefu na kumwomba mwenyewe ajaribu tena.