Paka Aliyewekeshwa

Lori la kuhamia kijiji cha ujamaa lilipojaa, Leonsia alimwacha paka wake kwa jirani yake wa Buzuruga, Mwanvua. Aliporudi kumchukua, Mwanvua akakataa katakata: "Ulinipa!"

Wakafikishana mahakama ya mwanzo. Mzee wa baraza, mfugaji, akamuuliza Leonsia, "Uliendelea kumletea chakula?"

"Kila siku ya gulio, dagaa."

"Basi ulimwekesha tu, kama ng'ombe anayetunzwa kwa mwenzako. Ni wako. Lakini mtunzaji haondoki mikono mitupu. Kitoto alichozaa paka huko kibaki kwa Mwanvua."

Hakimu akakubali. Leonsia akarudi kijijini kifua mbele, paka ndani ya kapu.

Kulipokucha, kapu lilikuwa tupu. Hakumuuliza mtu. Alifunga dagaa, akaenda Buzuruga, akapiga hodi.

"Karibu, dada," Mwanvua akanong'ona. "Ananyonyesha."