Kaburi la Balozi

Hapa kwetu Singida mtu mwenye jina akifa hazikwi mjini, labda awe hana kwao. Mkurugenzi, mwanajeshi mwenye cheo, mfanyabiashara wa alizeti mwenye malori yake, wakikata roho tu msafara unaanza. Kiomboi huyo, Ikungi huyo, kila mtu na kijiji chake. Makaburi ya manispaa tumeachiwa sisi wengine, watu wa kawaida, pamoja na wale waliofia hospitali na ndugu zao hawakujulikana. Ndiyo maana nilicheka mpaka nikashika ukuta niliposikia kwamba ofisi ya manispaa imemleta kijana wa kuanzisha ziara ya makaburi ya watu mashuhuri. Mashuhuri gani, jamani? Wote wako vijijini kwao wamepumzika!

Kijana mwenyewe anaitwa Emilian, afisa utamaduni, mpole, shati lake limenyooka hata saa ya jioni. Alikuwa ameona kwenye simu yake jinsi watu wa miji mikubwa wanavyopanga foleni kutembelea makaburi ya waimbaji na viongozi, wanapiga picha, wananunua na soda, akasema na sisi tunaweza. Akayazunguka makaburi yetu siku nzima, upepo unamjaza vumbi machoni. Akapata mchezaji mmoja wa mpira wa zamani, mwimbaji mmoja wa bendi na mtawa mmoja wa kizungu. Ziara ya watu watatu, mgeni hata jasho halijamtoka imekwisha. Alikuwa ameshakata tamaa alipoliona, katikati ya mawe mawili makubwa, kaburi la vigae vya bluu, safi, halina hata jani juu yake, limeandikwa: BALOZI HEZEKIA GUNDA, MTUMISHI WA WATU.

Sasa mimi Yunisi nikwambie huyo Hezekia alikuwa nani, maana nyumba yangu ilikuwa moja kati ya nyumba zake kumi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi hapa Utemini. Basi, hakuna kingine. Mchana alishona viatu, jioni alishika ubalozi. Ukiibiwa kuku, kwa balozi. Ukipata mgeni wa kulala, unampeleka kwa balozi amfahamu. Mume akikushukia kwa kipigo, unakimbilia kwa balozi, na mkewe anakutandikia mkeka bila kukuuliza. Na alikipenda hicho cheo, we acha tu! Ukimwita Hezekia hageuki, mpaka useme Balozi. Hata alipokuwa anakufa alikataa kurudishwa kwao Kinampanda. "Nizikeni hapa hapa," alisema, "siwezi kuziacha nyumba zangu." Ndugu zake walinuna, na mpaka leo wamenuna.

Lakini ninayetaka kumsimulia siye yeye, ni mkewe, Theodora, tunayemwita Mama Flora. Mwanamke mdogo wa umbo, anauza mafuta ya alizeti mlangoni kwake, na ukimpunja neno anakurudishia mawili. Kila Jumapili akitoka ibadani anakwenda makaburini na ufagio na birika la maji, anaviosha vile vigae kama vyombo vya wageni. Pembeni ya kaburi, upande wa kushoto, aliacha nafasi akaizungushia vijiwe na kupanda mnyaa kwenye kona. Akikupeleka atakuonyesha: "Hapo ni kwangu." Anasema hivyo bila hofu, kama mtu anayekuonyesha chumba kwenye nyumba anayojenga.

"Mama Flora, unajichulia," nilimwambia siku moja.

"Mwenzangu, maisha yangu yote nimelala kushoto kwake," akanijibu. "Leo nikalale na nani?"

Basi Emilian akamtafuta mwenye kaburi mpaka akampata. Alikuja jioni, mimi nipo, tunachambua mlenda. Akapiga shikamoo zake vizuri, akapewa kigoda, akatoa daftari.

"Mama, ni kweli marehemu alikuwa balozi?"

"Balozi mpaka anaingia kaburini, mwanangu."

"Alihudumu wapi?"

"Kwanza alikuwa ng'ambo. Baadaye ndipo akarudishwa upande huu."

Ng'ambo, yaani ng'ambo ya korongo, kule kwa wachoma mkaa, yeye na mumewe walikokuwa wamepanga kabla ya kujenga. Mimi nilielewa hivyo, na Mama Flora alimaanisha hivyo. Kijana akaandika: ng'ambo.

"Kuna jambo kubwa analokumbukwa nalo?"

"Mipaka. Kulikuwa na mgogoro wa mpaka, mapanga yameshatoka, na ni yeye aliyeingia katikati akaamua. Na usiku alikuwa anapokea watu wanaokimbia vita, wengine na watoto mgongoni. Hakumfukuza mtu hata mmoja."

Vita, yaani vya nyumbani kwa jirani yetu Janeth, mumewe akishalewa. Kila mtu wa mtaani anajua hivyo, nani angefikiri kwamba mtu anaweza kuelewa vingine? Emilian aliandika mpaka akageuza karatasi. "Mama, mbona mambo haya hayajulikani?" akauliza, sauti imemlegea.

"Hata mimi huwa nashangaa," alisema Mama Flora.

Haukupita muda wageni wakaanza kuja. Wanafunzi kwa mabasi ya shule, wasafiri wa Mwanza waliolala mjini, na siku moja wazungu wawili wenye kofia pana. Mama Flora alikuwa anakutana nao Jumapili na ufagio wake. Akitambulishwa kuwa mke wa Balozi, watu wanainama, wanampigia shikamoo hata wenye mvi. Alinunua kitenge kipya. Alidhani serikali imeamua hatimaye kuwakumbuka mabalozi wa nyumba kumi, na kwa kweli mimi pia nilidhani hivyo, nikasema afadhali, maana wale watu walitumika bure.

Siku niliyogutuka ni siku nilipomsindikiza nikamsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi: "Mzee huyu aliliwakilisha taifa letu ng'ambo, akapatanisha mipaka ya nchi na kupokea wakimbizi." Nilijiziba mdomo kwa khanga. Tulipofika njiani nikamwambia Mama Flora ukweli.

"Taifa?" akasimama.

"Taifa, mwenzangu! Wanadhani ni yule balozi wa suti, wa kupanda ndege na kunywa chai na marais."

Nilitegemea tucheke mpaka tukae chini. Hakucheka. Alitazama kule makaburini, akasema taratibu, "Tumwachie kidogo. Ndege yenyewe hajawahi kuipanda." Nikamwonea huruma, nikanyamaza.

Binti yake, Flora, anaishi Mwanza. Aliposikia kwa simu, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kazini kwake alishakuwa mtoto wa balozi. "Mama, nyamaza hivyo hivyo," alisema, "unamharibia nani?"

Mtu mmoja tu ndiye hakunyamaza, Nathanaeli, jirani yetu, aliyeshindwa ile kesi ya mpaka. Yeye na Samweli waligombea kipande cha kiwanja chenye mpapai, Hezekia akaamua mpapai ni wa Samweli. Samweli ameshahama, mpapai umeshakauka, lakini Nathanaeli bado ana donge. Akisikia neno balozi anatema mate. Watu wakimsifia Hezekia mbele yake, anaondoka na kigoda chake.

Mambo yakaharibika Jumapili moja tulipokuta mafundi wanachimba pembeni ya kaburi. Mnyaa wameung'oa, vijiwe wamevitupa. Msingi wa nini? Wa benchi la zege, wakasema, wageni wapate mahali pa kukaa na kutafakari. Na uzio wa minyororo unakuja, na bango. Benchi limeangukia pale pale palipokuwa pake.

Mama Flora hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Kesho yake tukaenda ofisini kwa Emilian. Akatupokea kwa adabu, akatuletea viti mwenyewe.

"Mama, eneo likishakuwa la kumbukumbu, hakuzikwi tena mtu pale," akaeleza.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama. Lakini jina la mzee litaishi."

"Jina lake liishi, sawa. Mimi nitalala wapi?"

"Si nyumbani kwenu, mama? Kwenu ni wapi?"

"Misigiri. Nilitoka nikiwa msichana, na walionifahamu wote wamekwisha. Unataka nikazikwe na wageni?" Akavuta pumzi. "Sikiliza mwanangu. Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ng'ambo ni ng'ambo ya korongo. Mpaka ulikuwa na mpapai."

Nilimtazama yule kijana rangi ikimpotea. Alifunga mlango, akarudi akakaa. "Mama, tafadhali," alisema kwa sauti ndogo. "Bango limeshachorwa. Mgeni rasmi ameshaalikwa. Nakuomba sana." Masikini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshikwa pabaya tu, na alitaka kulala usiku kama sisi wote.

Njiani nilimshauri Mama Flora anyamaze. Nilimwambia heshima kama ile haiji mara mbili, na mtu akifa hajui nani yuko pembeni yake. Alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Wewe wako yupo nyumbani anakukoromea!" akasema. "Mimi nilichobakiwa nacho ni pale."

Siku ya uzinduzi walifunga turubai makaburini, upepo wetu ukawa unalipiga utadhani una ugomvi nalo. Viti vya plastiki, spika mbili, kreti za soda. Mtaa mzima ulikuja, wengine kwa ajili ya Balozi, wengi kwa ajili ya soda. Mgeni rasmi, mnene, wa miwani, alimsifia mwanadiplomasia Hezekia Gunda, mtoto wa Singida aliyeng'ara ughaibuni, akasema vijana waige. Kisha mke wa marehemu akaitwa aseme neno. Emilian alimpa kipaza sauti huku macho yake yanamsihi.

"Shikamooni wakubwa," alianza Mama Flora. "Mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alishona viatu. Hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi hii. Nawashukuru kwa kumheshimu, lakini mmekosea mtu. Naomba mniachie sehemu yangu pale pembeni."

Nikafumba macho. Nikasikia makofi. Nilipofumbua, mgeni rasmi amesimama anapiga makofi mikono juu, na wengine wote nyuma yake. "Mmeusikia unyenyekevu huo?" akanguruma. "Nyumba kumi! Mtu amezunguka dunia nzima, mkewe anasema nyumba kumi! Hao ndio wake wa mabalozi!" Vigelegele vikapigwa. Mama Flora akabaki na kipaza sauti mkononi. Aliisema kweli yote, na kweli ikawa kama imewekwa kwenye bango pamoja na uongo. Niliumia, nawaambia, niliumia kweli.

"Tena huyu ndiye," mgeni rasmi akaendelea, "aliyepatanisha mipaka, kwa haki, bila upendeleo!"

"Haki gani?"

Wote tukageuka. Nathanaeli alikuwa amesimama juu ya kiti, shingo imemvimba. "Haki gani, mheshimiwa? Mpaka ni wangu mimi na Samweli! Alininyang'anya mpapai wangu huyo unayemsifia, mpapai niliopanda kwa mikono yangu, kisa Samweli alimletea kuku! Balozi wa nchi gani? Alikuwa anatusuluhisha kwa kulambalamba vidole! Mwulizeni Janeth, mwulizeni Yunisi hapo, wote tulikuwa nyumba zake! Mnamjengea bango mtu aliyeninyima mpapai!"

Watoto wakacheka kwanza, kisha mtaa mzima. Janeth akapaza sauti, "Kuku hakula yeye, alimrudisha!" na Nathanaeli akamjibu, na hapo tukawa tumerudi barazani kwa Hezekia kabisa, kesi imefunguliwa upya. Mgeni rasmi aliinama akamnong'oneza Emilian. Emilian akatikisa kichwa kukubali, ameinamisha macho chini. Gari likawashwa hata soda hazijaisha.

Nikamtazama Mama Flora. Mume wake anatukanwa kwenye spika mbili, mbele za watu, na yeye anatabasamu na machozi yanamtoka. Nathanaeli aliposhuka kwenye kiti, akimtweza yule marehemu bado, Mama Flora alimwendea akamshika mikono yote miwili. "Ahsante, shemeji," alimwambia. Nathanaeli alichanganyikiwa, akaenda kutafuta soda.

Kulitoa bango kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Flora alipiga simu akalia, akakata, akapiga tena baada ya siku kadhaa kuuliza hali. Mabasi ya shule sasa yanasimama kwa mchezaji mpira, kwa mwimbaji na kwa mtawa, basi. Emilian bado anakuja kununua mafuta kwa Mama Flora, na hajawahi kuomba apunguziwe.

Jumapili ile ya kwanza baada ya bango kutolewa nilimsindikiza Mama Flora. Minyororo hakuna, zege hakuna, mafundi wamebeba kila kilicho chao, ila lile shimo la msingi wameliacha wazi, udongo umerundikwa pembeni. Nikawatukana wale watu, nikasema hawana hata haya, mtu anachimba kwa mwenzake anaondoka hafukii! Mama Flora aliweka birika chini, akasogea ukingoni, akalitazama shimo kwa urefu, akalitazama kwa upana.

"Waache, mwenzangu," akasema. "Wamenianzia."

Nililia njia nzima mpaka Utemini, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza.