Radi Nilizozisikia Makote

Fundi redio mmoja wa Newala mjini aliniungia kifaa kisicho na stesheni: waya mrefu, betri, vipuri vya redio mbovu na hedifoni.

"Hiki hakishiki taarabu," aliniambia. "Kinashika radi."

Pale mjini kilivuma umeme wa nyaya za mitaani tu. Nikaenda nacho nyumbani Makote, waya nikautandaza kwenye mikorosho. Alfajiri nikasikia chaka-chaka-chaka, kama korosho zinapasuka motoni. Radi! Tena nyingi!

"Mama, mvua imefika!"

"Iko wapi? Mbona mbingu nyeupe?"

"Nimeisikia kwa masikio yangu, mama."

Huku juu mlimani tunakinga maji ya mvua ya bati kwenye tangi la ardhini, na kabla ya mvua ya kwanza lazima lisafishwe. Mama akaniamini. Ndoo nne za maji zilizobaki tukasugulia kuta, tukazimwaga pamoja na tope.

Siku tano, jua tu. Mama akawa anateremka bondeni kuteka maji, anarudi shingo imekakamaa. Majirani nao: "Mama Redio, umekinga ngapi leo?" Yeye anacheka. Mimi roho inaniuma.

Nikarudi mjini. "Shikamoo fundi. Kifaa chako kimenidanganya."

"Marahaba. Uliiuliza radi iko wapi?"

Akanieleza. Ngurumo haifiki mbali, lakini radi hutoa pia mawimbi ya redio, nayo hudunda kati ya ardhi na tabaka la juu lenye umeme, yakavuka nchi na nchi. Zile zangu huenda zilikuwa Kongo! Mengine hulipenya tabaka lile, yakapanda kupita hewa yote, yakafuata njia za sumaku ya dunia hadi upande wa pili. Njiani sauti nyembamba hutangulia, nzito huchelewa. Ukisikiliza, ni mluzi unaoshuka.

Nikausubiri alfajiri tatu. Ya tatu, fyuuuu! Nikamkimbilia mama, alikuwa anasokota kata ya kubebea ndoo. Nikamwomba radhi, nikamvalisha hedifoni. Tukangoja sana. Mara akashika kifua.

"Mwanangu! Nani huyo anapiga mluzi?"

"Radi, mama. Labda ya huko Misri. Imepanda juu kuliko mawingu, ndiyo inashuka kwetu."

Akainua macho juu, kama anaitafuta njia yake. Kisha akaniwekea kata kichwani.

"Yenyewe imetoka Misri haijachoka. Wewe bondeni tu hapo. Nenda, mimi nasikiliza."

Nikabeba ndoo mimi, kila siku, mpaka mvua ya kweli ikagonga bati.