Heshima ya Kiti

Mama yangu alianguka mara ya kwanza kwake Bagira, kwenye udongo uliolowa, akitoka kuchuma mboga zake za lengalenga. Hakuvunjika kitu. Lakini sisi watoto wake, watu tuliosoma, tulifanya mkutano kwa simu na kukata shauri bila yeye: ahamie kwangu mjini, juu kidogo ya Nyawera. Alikubali kwa sharti moja. Akipata nguvu, arudi kwake.

Nikamtafutia kine, fundi wa viungo anayefundisha watu kutembea upya. Akamwonyesha mazoezi: kuinuka kwenye kiti bila kujishika, kutembea kando ya ukuta kisigino kikigusa vidole, kusimama kwa mguu mmoja huku kiti kikiwa karibu.

"Maman, siku utasimama na muguu moja mupaka Salamu Maria inaisha, miye mwenyewe nitakusindikiza Bagira," kine akamwahidi.

Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Kila asubuhi nilimkuta barazani, kitenge amekifunga sawasawa, anasali kwa mguu mmoja. Mwanzoni sala ilimshinda mapema, akashika kiti na kucheka peke yake. Baada ya wiki chache akaanza kuivuka nusu. Nilipaswa kufurahi. Nasema kweli, niliona aibu. Baraza yetu inatazama njia, na wapita njia walikuwa wakisimama kumwangalia.

Halafu wakaja wakwe, wazazi wa kijana aliyemchumbia binti yangu. Tulikuwa tumeketi sebuleni, fanta mezani, kila mtu na adabu zake. Mama akainuka mwenyewe, bila kujishika, polepole kama alivyofundishwa, akaenda jikoni kuchota maji ya kunywa. Akarudi na kopo mkononi, amenyooka. Nadhani alitaka tumwone. Baba mkwe akaweka chupa yake chini.

"Papa, mu hii nyumba hakuna mutu wa kumupatia maman mayi?"

Kwetu hilo si swali, ni kofi. Mzee anayejichotea maji mbele ya wageni ni mzee asiye na watoto.

Wageni walipoondoka nikatoa amri. Mke wangu, binti zangu, msichana wa kazi: yeyote atakayemwona mama ananyanyuka, amkimbilie. Nikamnunulia kiti cha mito, kile ambacho ukikaa unazama. Kine nikamshukuru, nikamwambia imetosha.

"Ikala tu, maman," nikamwambia. "Ulishatumika kazi ya kutosha."

"Na Bagira?"

"Tutaona."

Nilijua hatutaona chochote.

Basi nyumba nzima ikaanza kumheshimu. Akitaka maji, yameletwa. Akitazama dirisha, limefungwa. Akijaribu kuinuka, sauti tatu kwa mpigo: ikala, maman, ikala! Kanisani majirani walinisifu kwamba najua kutunza mzazi, nami nilizimeza sifa hizo bila hata kutafuna. Mvua zilipokwisha, mapaja yake yalikuwa yamenyauka, na hakuenda tena barazani.

Alianguka mbele ya kiti hicho hicho, Jumapili moja tukiwa misani. Msichana alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika nguo. Mama alitaka tu kuzima redio. Nyonga ikavunjika.

Safari hii hapakuwa na udongo wala utelezi. Sakafu ilikuwa kavu. Nilimlegeza mimi, siku baada ya siku, nikaita kazi hiyo upendo. Ndugu zangu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Wasimsingizie Mungu.

Amepasuliwa, amerudi nyumbani, anashinda kitandani. Nyumba ya Bagira tumeifunga, na lengalenga sijui nani anachuma. Juzi nilimwita kine tena. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko matusi. Akasogeza kiti kando ya kitanda, akamnyooshea mama mikono yote miwili.

"Maman, tujaribu kusimama kidogo?"

Mama hakunitazama. Alimjibu yeye, kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyefikia kwa watu:

"Docta, omba kwanza ruhusa kwa mwenye nyumba."